Mukubwa wa Nani?

Ukibisha hodi leo kwenye nyumba yoyote ya Butembo, si ajabu mtu aliye ndani akakuuliza, kabla hata ya kuinuka kitini: "Mukubwa wa nani?" Ukijibu vizuri unapewa chai. Ukiduwaa mlangoni, wanajua wewe ni mgeni. Nimeyaona maneno hayo yamechorwa nyuma ya pikipiki kule Kirumba. Nimeyasikia arusini Beni, msema-chochote akiyapigia kelele kwenye kipaza sauti na ukumbi mzima ukicheka, wazee kwa vijana. Na wengi wa waliocheka walikuwa hawajazaliwa siku ile katuni ilipoonyeshwa mara ya mwisho.

Siku hizi, kwenye simu, hakukosi mjuaji wa kueleza maana yake. Huyu anasema ni maneno ya wanasiasa. Yule anasema ni wimbo wa Kinshasa. Wananikera. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nitawaambia, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu kuna kipande cha habari hii ambacho nimekificha tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Jina langu ni Syauswa. Maneno yale yalitoka kinywani mwa jirani yetu wa Bulengera, Débora, mwalimu wa kwaya ya watoto na mke wa Zacharie, fundi wa redio.

Vita vya kwanza vilipofika kwetu, familia moja ya wamisionari iliondoka mbio mbio. Zacharie ndiye aliyekuwa akiwatengenezea vyombo vyao, kwa hiyo walimwachia televisheni, mashine ya video na sanduku la kaseti tano za watoto wao. Katuni tupu. Lugha yake haikuwa Kifaransa, haikuwa Kiingereza, na mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi. Ilikuwa nchi ya baridi, hilo tu lilionekana. Mapaa yote yalikuwa meupe, na sisi tulisema ni unga wa muhogo umeanikwa.

Débora hakuona shida. Alikaa kando ya televisheni, akapunguza sauti ya wenyewe, akaanza kusema yake. Kulikuwa na mama bata na vifaranga watano wa kiume, kila mmoja na kofia ya rangi yake. Kwetu Banande jina la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa: mvulana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Basi vifaranga wakawa Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo, wakahamia Butembo siku hiyo hiyo.

Na katika kila kipindi alikuja mbwa. Alivaa kofia yenye nembo, buti ndefu na koti la vifungo vya shaba, na begani alining'iniza mfuko mkubwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akibisha na kutoa makaratasi. Ni nani huyo? Hakuna aliyeuliza. Kofia, buti, mfuko, makaratasi, nyumba kwa nyumba: tulimwona kila wiki barabarani kwetu, musoda, yaani askari wa kutoza kodi, ila hakuwa na mkia.

Sauti ya mbwa ilikuwa ya Zacharie. Alikuwa mtu mpole ambaye hata kuku wake mwenyewe hawakumwogopa, lakini mbwa alipobisha mlango wa mama bata, Zacharie alivimbisha shingo akanguruma: "Miye njo mukubwa hapa! Fungua!" Na Débora, kwa sauti nyembamba ya vifaranga, alijibu kutoka ndani: "Mukubwa wa nani?" Hapo mbwa aliteleza kwenye barafu ya mlangoni, akaanguka matako chini, makaratasi yakaruka juu kama kuku waliotishwa. Tulicheka mpaka tukalia.

Tulilipa kiingilio kwa viazi viwili au kipande cha kaa la kuchemshia chai, na tulijaa kila Jumamosi saa tisa mchana, Zacharie alipowasha jenereta yake. Kufikia mwaka wa elfu mbili tulikuwa tumezijua kaseti zote tano kwa moyo. "Mukubwa wa nani?" hatukumwachia tena Débora, tuliijibu sisi, watoto sitini kwa pamoja, mpaka mabati yakatetemeka. Akithubutu kubadilisha neno moja tu, tulimkatiza: "Hapana, haiko vile!" Maskini, alifungwa na maneno aliyoyabuni mwenyewe.

Wakati ule mji ulikuwa na wenyewe waliokuja na bunduki. Sitawataja, walibadilika mno na majina yao yote yalikuwa ya herufi. Mtaani kwetu tulimjua komanda mmoja, mtu wa mbali asiyejua hata salamu ya Kinande, aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari akichukua kuku na maharagwe. Alivaa kofia yake upande. Watoto tulimtazama tukatazamana, lakini tulifunga midomo. Tulikuwa tumeshaona watu wakipigwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Jumatatu moja ya mvua gari lake lilikwama kwenye tope, hatua chache kutoka tulipokuwa tunachota maji. Akashuka kuwakaripia askari wake wasukume. Buti ikateleza. Komanda akaanguka matako chini, puuu, na makaratasi ya daftari lake yakatawanyika topeni.

Mtu mmoja akapiga kelele: "Mukubwa wa nani?"

Na wote wakaitikia. Ilikuwa ni mazoea, hatukuwaza, kama mtu anavyosema amina. Halafu tukaona uso wake. Ndoo tulizitupa pale pale, tukakimbia kupitia migomba, nami nilikimbia mbele ya wote. Nyuma yangu nilimsikia mtoto mmoja akilia, sikio lake likiwa mkononi mwa askari, naye akisema kila kitu: ni maneno ya mbwa, ni kwa video, ni kwa Papa Zacharie.

Nusu saa haikupita wakamchukua Zacharie. Walimkuta ameshika bisibisi, wakaondoka naye nayo mkononi. Kule kambini kulikuwa na shimo lililofunikwa mabati, na kila mtu wa Bulengera alilijua kwa sababu waliotoka humo walikuwa wachache na hawakupenda kulizungumzia.

Débora alikwenda kambini kesho yake na kitenge chake cha kanisa. Komanda alimwacha asimame mvuani mpaka mchana. Halafu akamwambia neno moja la wazi, na yeye alirudi akalirudia mbele ya mama yangu huku meno yakigongana: "Samedi, Jumamosi hii, ninakuja kuona ile video. Batoto bote bakuwe pale, sawa kila siku. Nikikuta ule mbwa ni miye, bwana yako usimuulize tena. Na usifiche kaseti."

Mama yangu alianza kunituma kila siku nimpelekee maharagwe. Ilikuwa adhabu asiyoijua. Nilikuta Débora anacheza kaseti peke yake, sauti imezimwa, akitafuta maneno mapya ya kumwekea mbwa. Hakupata. Angemfanya nini? Mchungaji, mbwa mwenye mfuko anapita kukusanya sadaka? Daktari? Kila alilojaribu lilisikika uongo hata kwangu, na Débora alikuwa mwanamke ambaye hajui kudanganya. Alikuwa mweupe wa ngozi, na akijaribu, shingo yake inakuwa nyekundu. Binti yake Falonne, wa miaka minne, alikaa mbele ya televisheni akisubiri sauti ya baba yake. Kila mbwa alipofungua kinywa, mtoto aligeuka kutazama mlango. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya Alhamisi alikuja mzee Kahongya kumpa pole. Alikuwa mzee mkavu, mkali kidogo, ambaye hajawahi kuingia pale kwa sababu alisema video ni mambo ya batoto. Alikaa kwenye benchi, akashika fimbo yake, akatazama kioo kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Mbwa akatokea. Mzee akainuka polepole.

"Uyu hapana musoda," alisema.

"Ni nani basi, tata?" Débora akauliza bila kugeuka.

"Ni mutu wa posta! Angalia vile anashika barua, katikati ya vidole. Angalia mufuko, bega ya kushoto, inalala kwa kiuno ya kuume. Miaka kumi na kenda nilibeba ile mufuko hapa Butembo, mama. Unazani siwezi kujijua?"

Tulimtazama mbwa upya. Kweli, makaratasi yale yalikuwa bahasha. Yalikuwa na vijipicha pembeni. Mama bata alipoipokea moja, alikuwa akiikumbatia, na sisi tulidhani anailia kodi. Sitini na zaidi tulikuwa, miaka mitatu tuliiona ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona barua ikiletwa mlangoni. Posta ilikufa kabla hatujapata akili.

Mzee alikuwa ameshawasha moto wake, hakuzimika. Alisimulia alivyopanda mpaka Musienene kwa miguu, na mbwa wa kweli waliomng'ata. "Na shida ilikuwa majina. Barua inatoka Bunia, juu yake bameandika: Kambale, Butembo. Basi! Kambale gani? Kambale iko kila nyumba. Nabisha, nasema: barua ya Kambale! Na bo kule ndani, mbele ya kufungua, banauliza: Kambale mukubwa wa nani? Kama ni mukubwa wa kuzaliwa wa Kasereka mwalimu, ama mukubwa wa Kasereka wa mashini, donc njo tunajua barua ni ya nani."

 Débora alikaa chini sakafuni, mikono kwenye mapaja, na shingo yake haikuwa nyekundu.

Jumamosi ilifika upesi kuliko nilivyomwomba Mungu. Kila mama alimwambia mtoto wake neno moja: ukifungua mudomo unaua mutu. Tuliingia bila viazi, tukakaa kwenye mikeka tumebanana, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake wala kumlaumu. Komanda alikuja na askari wanne. Wawili walibaki mlangoni, na mwanga ukapungua. Yeye aliketi kwenye kiti pekee, nyuma yetu, na nilisikia buti yake ikigongagonga sakafu karibu na mgongo wangu. Mkojo ulinibana. Nilikuwa na uhakika kwamba ananinusa, kwamba anajua.

Jenereta ikawashwa. Vifaranga wakatokea, mama bata akawavalisha kofia, Débora akasema maneno yake ya kila siku, na sauti yake ilitikisika mara moja tu. Kisha mbwa akaja akipanda njia nyeupe. Buti nyuma yangu ikanyamaza.

Mbwa akabisha. Débora, kwa sauti nene aliyoitafuta kifuani, akasema: "Hodi. Niko na barua ya Kambale."

Mikeka ikachakarika kidogo, kisha kimya kama maji ya mtungini. Niliuma kiganja changu. Débora akahamia kwenye sauti ya vifaranga, haraka, kama mtu anayevuka daraja bovu: "Karibu, papa! Ingia!"

"Hapana, mama!"

Ilikuwa Falonne. Alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, amekasirika kwa haki yake yote. Wiki nzima alinyimwa sauti ya baba yake, na sasa walikuwa wanamwibia hata maneno. "Haiko vile! Banasema: mukubwa wa nani?"

 Kiti nyuma yangu kililia, komanda akasimama.

"Simamisha kwanza," alisema. Débora akabonyeza, na mbwa akaganda mlangoni na barua yake mkononi. "Mutoto amesema nini?"

"Amesema mukubwa wa nani, afande," Débora alijibu.

"Njo ile maneno balinitukana nayo."

"Ni ya barua, afande. Ule mbwa ni mutu wa posta. Analeta barua ya Kambale, na bale ba ndani banauliza, Kambale mukubwa wa nani? Juu hapa kwetu Kambale ni wengi. Ni lazima kuuliza."

Kama angesema uongo, angekufa pale pale kwa shingo yake. Lakini aliyasema akiwa amenyooka, kama anavyosema Zaburi. Komanda alitutazama kichwa kwa kichwa. Kisha akamnyooshea kidole mvulana wa mkeka wa kwanza, akamwita kwa Kilingala asogee. "Yaka awa. Jina?"

"Kambale."

"Weye kule?"

"Kambale, afande."

"Na weye?"

"Kasereka."

"Ule mwenye kaptula?"

"Kambale."

Alikunja uso, akadhani anachezewa. "Beko ndugu, hawa?" Tukatikisa vichwa. Akamgeukia yule wa mwisho, mtoto wa kaptula, na kwa hasira, bila kujua anachosema, akafoka: "Kambale mukubwa wa nani?"

"Wa Kasereka, afande," mtoto akalia. "Wa Kasereka ule wa kwa fundi cherehani."

Nawaapia, sijawahi kuogopa kicheko kama siku ile. Kilinipanda kooni, kichungu, nikakimeza na kiganja changu kikatoka damu. Watoto sitini walikuwa wanatazama magoti yao. Komanda alibaki amesimama na maneno yake mwenyewe kinywani, na nadhani aliyaonja.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mais, juu ya nini anaanguka, sababu gani?"

Hilo Débora hakulitarajia.  Alimtazama mbwa pale kwenye kioo, kisha akamtazama komanda, na akasema kwa upole, kama anavyomwambia mtoto aliyekosea noti: "Inchi yabo inateleza, afande. Hata mutu wa kazi yake anaanguka. Kisha anaamuka, anapeleka barua."

 Komanda akaifuata mashine, akachomoa kaseti, akaokota na nyingine nne sandukuni. "Niko na batoto, miye pia," alisema. Alizitia katika mfuko wa askari, akauning'iniza begani. Alitoka nao hivyo, bega la kushoto, ukilala kwenye kiuno cha kulia. Mzee Kahongya, aliyekuwa amesimama nje kwenye ua, aliinamisha kichwa. Kuhusu Zacharie hakusema hata neno.

Jumapili hakuna kitu. Jumatatu hakuna. Watu walianza kumsalimu Débora kwa sauti ya msibani. Jumanne mchana nilipeleka maharagwe, nikamkuta anachambua mboga asizokusudia kupika, Falonne amelala mkekani. Sikuweza tena. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba siku ile ya tope kelele ya kwanza ilikuwa yangu, kwamba wenzangu waliitikia tu, kwamba mimi ndiye niliyemtia Papa Zacharie shimoni.

Débora hakuinua macho. "Ninajua, Syauswa. Kutoka ile siku ya kwanza. Jirani balisema kulikuwa sauti moja ya juu sana mbele ya ingine. Sauti yako, njo miye niliifundisha kuimba."

"Na haukuniambia kitu?"

"Nitakuambia nini? Na ile maneno, ni nani aliyatunga?"

Tulilia wote wawili, mboga zikiwa katikati yetu. Tulikuwa bado tunalia mlango ulipogongwa. Mara moja, kisha kimya. Hatukusikia gari wala kikohozi. Jirani habishi hivyo, jirani anaita jina. Débora alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Nilifikiri: wamekuja kutuambia, au wamekuja kunichukua. Mlango ukagongwa tena.

Falonne akaamka. Alikaa wima mkekani, nywele upande mmoja, usingizi bado machoni. Mama yake aliruka kumziba mdomo, lakini akachelewa.

"Mukubwa wa nani?" mtoto akauliza.

 Nje tulisikia mtu akipumua kwa shida, kama aliyepanda mlima. Kisha sauti ikaja, imepasuka, nyembamba, sauti ambayo haikunguruma tena mpaka siku alipokufa.

"Wa Falonne," ikasema.

Mikono ya Débora ilikataa kushika komeo. Ni mimi niliyefungua.